Dini na Siasa Hazijawahi Kutengana Mbulu na Hanang

Kuna sentensi ambayo viongozi wetu wameizoea mno: "Tusichanganye dini na siasa." Huku kata ya Gehandu, iwe ile ya Mbulu au ile ya Hanang, utaisikia hata msibani, padri au mchungaji akigusia mbolea ya ruzuku iliyochelewa au ugomvi wa mpaka wa malisho. Diwani anasimama, anaitamka, na waombolezaji wanatikisa vichwa kukubali. Jumapili mbili baadaye kiongozi wa aina hiyohiyo yuko mbele ya madhabahu kwenye harambee, anaahidi saruji na bati, kisha anaomba dakika mbili za kuwasalimia waumini. Dakika mbili zinakuwa ishirini, zote za sera na kura. Hapo hakuna anayemkumbusha kwamba anachanganya.

Nasema wazi kwamba imani iliyo nyuma ya sentensi hiyo, kwamba dini na siasa ni vitu viwili vilivyotengana, ni ya uongo, na ni uongo unaowafaidisha wenye vyeo. Katika nchi hii ya Wairaqw na Wadatoga, dini na siasa hazijawahi kukaa mbalimbali. Anayedai zitenganishwe huwa anataka tu yeye abaki na ruhusa ya kuzitumia zote mbili.

Tuanze na wazee wetu. Kabla ya boma la Mjerumani kujengwa Mbulu, Wairaqw hawakuwa na mfalme. Kila aya, yaani eneo lenye mipaka yake, iliendeshwa na wazee katika vikao, wakiongozwa na kahamusmo. Lakini mvua ikigoma, maradhi yakiingia au vijana wakitaka kufungua ardhi mpya, wajumbe walitumwa kwa qwaslarmo, mganga mkuu wa ukoo wa Manda. Kwake zilitoka dawa za kulinda mpaka na maelekezo ya nini kifanywe. Sasa niambieni, huyo alikuwa mtu wa dini au mtu wa siasa? Mpaka ni siasa. Ardhi mpya ni siasa. Qwaslarmo Nade Bea, ambaye jina lake halijafutika midomoni mwa wazee, alikuwa na uzito ambao hakuna chifu aliyeweza kuupata kwa barua ya uteuzi kutoka kwa mkoloni.

Mkoloni mwenyewe alilielewa hilo kuliko tunavyolielewa sisi leo. Wajerumani walimnyonga Gidamausa, kiongozi wa ibada wa Wadatoga aliyetoka katika nyumba ya nabii Saigilo. Mtu hanyongwi kwa kuomba mvua. Alinyongwa kwa sababu watu walimsikiliza yeye kuliko walivyolisikiliza boma.

Halafu tukapata uhuru, na mambo yaleyale yakaendelea kwa trekta. Shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba ya ngano huko Basotu, kwenye eneo la ekari zipatazo 100,000, katika malisho bora kabisa ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Ndani ya malisho hayo yalikuwamo makaburi wanayoyaita bung'ed. Mzee wa heshima akifa, ukoo humjengea tuta refu la udongo, na ibada yake huchukua miezi mingi, ng'ombe wakichinjwa na koo zikikusanyika kutoka mbali. Baada ya hapo watoto na wajukuu hurudi palepale kuzungumza na mzee wao. Kwa Mbarabaig, tuta hilo ni madhabahu na ni hati ya ardhi kwa wakati mmoja: linasema nani amezikwa hapa, na kwa hiyo nani ana haki ya kurudi hapa na mifugo yake. Kwa dereva wa trekta lilikuwa kizuizi cha jembe. Matuta yakalimwa, ngano ikapandwa juu yake. Wanakijiji wa Mulbadaw, kijiji cha eneo hilo, waliishtaki NAFCO mahakamani na wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawapokonya ushindi huo, ikisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kilimilikishwa ardhi ile. Uthibitisho ulikuwa umeshalimwa.

Niwaulize wale wanaotaka vitu hivi vitenganishwe: kesi ile tuiweke kwenye kabati la dini au la siasa?

Kuna hoja moja wanayoitoa ambayo inastahili jibu. Wanasema wananchi ni wepesi kupotoshwa, kwamba mtu wa dini akizungumza siasa, waumini watamfuata bila kufikiri. Wanaosema hivyo hawawajui watu wa Mbulu. Mwaka 1960 TANU ilikuwa na nguvu kiasi kwamba kati ya viti 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, 58 vilipita bila kupingwa. Mwishowe TANU ilikosa kiti kimoja tu, na kiti hicho ni cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo, wananchi wakamchagua Herman Sarwatt aliyesimama kama mgombea huru. Watu walioweza kuikatalia TANU ya Nyerere mwaka ule hawahitaji kulindwa dhidi ya mahubiri.

Mtazameni pia Dk. Wilbrod Slaa, mzaliwa wa Kwermusl, aliyekuwa padri wa huku kwetu na katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu kabla ya kuwa mbunge wa Karatu mwaka 1995. Alipogombea urais mwaka 2010, upadri wake wa zamani uligeuzwa kuwa hoja dhidi yake. Mwaka mmoja kabla, Kanisa Katoliki lilipotoa ilani kwa ajili ya wapiga kura, mwanasiasa mkongwe wa CCM, mzee Kingunge Ngombale-Mwiru, alitaka iondolewe. Miaka saba baada ya uchaguzi ule Slaa huyohuyo aliteuliwa kuwa balozi, na wale waliokuwa wanatishika na upadri wake sikuwasikia tena.

Siwatetei viongozi wa dini kwa kila jambo. Nao wana njaa ya vyeo, na mfano bora ninaoujua wa njaa hiyo uko kwenye tamthilia ya kubuni ya anga za mbali, Star Trek: Deep Space Nine, katika kipindi kilichorushwa Juni 1993. Sayari ya Bajor imetoka kwenye ukoloni wa muda mrefu, na kiti cha kai, mkuu wa dini, kiko wazi. Kiongozi mmoja wa dini, Winn, anaingia darasani na kumlaumu mwalimu kwa kufundisha bila kuwataja Manabii, yaani miungu ya Wabajor. Wazazi wanawatoa watoto shule. Shule inalipuliwa kwa bomu. Bareil, mpinzani wa Winn katika kukiwania kiti, anakuja kutuliza watu, na hapo ndipo anaponusurika kuuawa. Kumbe ugomvi wote wa darasani ulikuwa chambo cha kumleta. Ninachokipenda ni alivyofanya Sisko, mkuu wa kituo cha anga chenye shule hiyo. Hakumwambia Winn arudi hekaluni akanyamaze. Alimkabili mbele ya umati na kumkatalia haki ya kuwafanya Manabii kuwa mali yake.

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwetu. Padri akisema uongo kuhusu malisho, aulizwe hadharani ushahidi wake. Akisema kweli, diwani ajibu kuhusu malisho, asijifiche nyuma ya sentensi. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Inamzuia mtawala kuliendesha kanisa au msikiti. Haimfungi mdomo sheikh wala mchungaji anayeuliza mbolea iko wapi.

Kwa hiyo ninawaomba maparoko, wachungaji na masheikh wa Mbulu na Hanang jambo ambalo halihitaji sheria mpya. Mgombea akileta mchango, mhazini ausome kwa jina na kiasi, na mgombea arudi kuketi na waumini wenzake bila kupewa kipaza sauti. Akitaka kuzungumza, aitishe mkutano uwanjani, mahali ambapo mtu yeyote, muumini au asiye muumini, anaweza kunyoosha mkono na kumuuliza swali.