Asidi ya Yuriki Imeshuka? Tazama Kwanza Sukari

AFYA NA MAISHA
Na Zuhura Mwinyimvua

Meza za vipimo zimezagaa Dar es Salaam: karibu na stendi, nje ya maduka ya dawa, hata kwenye mabonanza ya Jumamosi. Juu ya meza kuna mashine ya presha na kimashine cha kiganjani chenye stripu za aina tatu, ya sukari, ya kolesteroli na ya asidi ya yuriki. Kidole kinadungwa, tone la damu linafyonzwa, namba zinaandikwa kwenye kikaratasi moja chini ya nyingine. Kisha kila namba inasomwa peke yake, kana kwamba damu imetoka kwa watu watatu.

Hapo ndipo watu wanapopotezwa. Tuseme mzee wa miaka 58 amekuta sukari 15 na asidi ya yuriki 290. Namba ya kwanza inamshtua. Ya pili iko chini kabisa ya 420 hivi, mpaka unaotumika kwa wanaume, naye anapewa hongera. Mwaka juzi, kidole gumba cha mguu kilipovimba, ilikuwa 470! Anaondoka akiamini kwamba angalau jongo limemwacha. Kumbe huenda asidi imeshuka kwa sababu sukari imepanda.

Watafiti wanalijua hili zamani. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya wanaume 7,735 wa makamo kutoka miji 24 ya Uingereza. Sukari ilipopanda, asidi ya yuriki ilipanda nayo, mpaka sukari ilipofika milimoli 8 hivi kwa lita. Kuanzia hapo mambo yaligeuka: sukari ikizidi kupanda, asidi inashuka. Mwaka 2008 Hyon Choi na Earl Ford walirudi kwenye takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa afya na lishe wa Marekani, wakatumia kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Waliokuwa na asidi nyingi kuliko wote ni wale wa kati ya asilimia 6 na 7. Waliozidi hapo, asidi yao ilikuwa ndogo. Ikumbukwe kwamba daktari humtangazia mtu kisukari akifika asilimia 6.5. Kilele cha asidi, basi, kiko pale pale mlangoni mwa ugonjwa.

Figo ndizo zinazoeleza kisa chote. Karibu theluthi mbili ya asidi ya yuriki hutolewa mwilini kwa njia ya mkojo. Mtu anayeelekea kwenye kisukari cha ukubwani, hasa mwenye kitambi, huwa na insulini nyingi kwenye damu, kwa kuwa mwili umeacha kuisikia na kongosho linazidi kuimwaga. Insulini hiyo huziamuru figo zibakize chumvi, na pamoja na chumvi hubaki asidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka saa tisa usiku kidole gumba kinawaka moto, hata shuka likigusa anapiga kelele, na hajawahi kuambiwa lolote kuhusu sukari. Daktari makini akiona jongo huagiza kipimo cha sukari hapo hapo.

Sukari ikivuka milimoli 10 hivi, figo hushindwa kuirudisha yote kwenye damu. Inamwagika kwenye mkojo, ule mkojo ambao wazee waliutambua kwa sisimizi waliokusanyika chooni. Ikipita kwenye mirija ya figo, sukari hiyo huizuia asidi ya yuriki kurudi kwenye damu, nayo inatoka na mkojo. Asidi inashuka wakati huo huo ambapo mgonjwa ana kiu isiyokatika, anakojoa usiku kucha na suruali inamlegea kiunoni.

Kuna jambo linalofuata ambalo wagonjwa wachache huambiwa. Mgonjwa akianza dawa na sukari yake ikatulia, mlango huo wa kutolea asidi hufungwa, na kiwango chake kinaweza kupanda tena. Kidole kikivimba wiki chache baadaye, lawama zinaangukia vidonge vipya, na wapo wanaoviacha. Dakika mbili za maelezo kliniki zingewaokoa.

Safu hii haina ugomvi na nyama choma, lakini nyama imebebeshwa mzigo usio wake peke yake. Ni kweli maini, dagaa na bia huongeza asidi. Soda, hata hivyo, hupita bila kuulizwa. Sukari ya mezani, nusu yake ni fruktosi, na ini linapoivunja fruktosi hutumia akiba yake ya nishati kwa kasi kiasi kwamba masalia yake huishia kuwa asidi ya yuriki. Utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 46,000 Marekani kwa miaka 12, ukachapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba waliokunywa soda mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya jongo iliyozidi kwa asilimia 85 ile ya wasioigusa, au walioinywa chini ya mara moja kwa mwezi. Soda zisizo na sukari hazikuonyesha hatari hiyo. Anayeacha mishkaki kwa ajili ya vidole, halafu akashushia ugali kwa soda mbili za baridi, hajasaidika sana.

Wauza dawa za kusafisha yuriki nao wana lao: wanaahidi kwamba asidi ikiondoka, kisukari kitaondoka nayo. Ushahidi hauwaungi mkono. Mwaka 2015 uchambuzi wa vinasaba vya maelfu ya watu wa Ulaya ulionyesha kwamba waliozaliwa na mwelekeo wa asidi nyingi hawakupata kisukari cha ukubwani zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2020 jaribio la wagonjwa 530 wa kisukari aina ya kwanza lilionyesha kuwa allopurinol iliteremsha asidi vizuri, lakini figo ziliendelea kuchoka kwa mwendo ule ule. Jongo lenyewe hutibiwa kwa kushusha asidi, hilo halina ubishi. Kisukari kina njia yake.

Baadhi ya dawa zinagusa pande zote mbili. Zile mpya za kisukari, kama empagliflozin na dapagliflozin, huziacha figo zitoe sukari kwa makusudi, na asidi ya yuriki hushuka pia. Asili ya wazo hilo ni phlorizin, iliyopatikana kwenye magamba ya mti wa tufaha huko Ulaya mwaka 1835. Kwa upande mwingine, vidonge vya presha vya kukojoza vya jamii ya thiazidi, ambavyo wagonjwa wengi hupewa kwa kuwa ni vya bei nafuu, hupandisha asidi, na vinaweza kupandisha sukari kidogo. Havifai kuachwa kiholela, maana presha nayo inaua. Lakini mwenye jongo na presha kwa pamoja ana haki ya kumuuliza daktari kama losartan ingemfaa: hushusha presha, na wakati huo huo husaidia figo kuitoa asidi.