Presha ya macho si presha ya damu, lakini zina uhusiano

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA anayetibiwa shinikizo la damu anapoambiwa na daktari kuwa ana 'presha ya macho', mara nyingi huamini kuwa ni presha ileile iliyopanda hadi machoni. Wapo wanaorejea nyumbani wakidhani kuwa vidonge vyao vya kila siku vitatibu yote mawili. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Ugonjwa huo, ambao kitaalamu huitwa glakoma, huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa za kuona kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Mara nyingi hutokea pale majimaji ya ndani ya jicho yanaposhindwa kutoka vizuri, hivyo shinikizo la jicho likaongezeka. Aina yake iliyoenea zaidi haina maumivu, nayo huanza kwa kupunguza uwezo wa kuona pembeni bila mwenyewe kutambua. Mgonjwa wa mtoto wa jicho anaweza kufanyiwa upasuaji akaona tena, lakini uoni uliopotea kwa glakoma haurudi.

Tatizo hili haliko mbali nasi. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, uliwahusisha watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Ulibaini kuwa takriban wanne kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa huo.

Swali la kujiuliza ni hili: ikiwa presha hizo ni mbili tofauti, uhusiano wake ni upi?

Jibu liko katika mishipa midogo ya damu inayoulisha mshipa wa fahamu wa jicho. Damu huingia jichoni kwa msukumo wa shinikizo la damu, huku shinikizo la jicho likiuzuia msukumo huo. Mkazi wa ghorofani anaelewa jambo hili vizuri: msukumo wa maji ukiwa mdogo, bomba la juu hukauka hata kama bomba la chini linatoa maji.

Kwa maana hiyo, mshipa wa fahamu unaweza kukosa damu ya kutosha kwa sababu shinikizo la jicho limepanda, au kwa sababu shinikizo la damu limeshuka mno. Utafiti wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa watu waliokuwa na tofauti ndogo kabisa kati ya shinikizo la damu na la jicho walikuwa na glakoma takriban mara sita zaidi. Watafiti wa Barbados, waliowafuatilia kwa miaka tisa watu wengi wenye asili ya Afrika, nao walibaini mwaka 2008 kuwa msukumo mdogo wa damu jichoni huongeza hatari.

Hali hii inasaidia kueleza kwa nini baadhi ya watu huugua ingawa kipimo cha jicho hakizidi milimita 21 za zebaki, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida. Nchini Japan, utafiti wa mji wa Tajimi uliochapishwa mwaka 2004 ulibaini kuwa takriban wagonjwa tisa kati ya kila kumi wa aina ya glakoma iliyoenea zaidi walikuwa katika kundi hilo. Kwa hiyo kupima presha ya jicho pekee hakutoshi. Ni lazima daktari aukague pia mshipa wa fahamu wenyewe.

Aidha, kisukari kinapoharibu mishipa ya damu ya jicho, huota mishipa mipya iliyo dhaifu ambayo inaweza kuziba njia ya kutokea majimaji na kuleta glakoma kali.

Hata hivyo, uhusiano huo usiwe kisingizio cha kukimbilia dawa za 'kusafisha mishipa' zinazouzwa mitaani. Tiba iliyothibitishwa hadi sasa ni kupunguza shinikizo la jicho, hata kwa wale ambao shinikizo lao ni la kawaida. Hufanyika kwa dawa za matone, mionzi ya leza au upasuaji. Katika utafiti wa Hospitali ya KCMC mjini Moshi uliochapishwa mwaka 2021, baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyotibiwa kwa leza, ikilinganishwa na asilimia 31 ya yale yaliyotibiwa kwa matone ya timololi.

Wala mgonjwa asiache vidonge vya shinikizo la damu kwa kuhofia macho. Kinachotakiwa ni kumweleza daktari wa macho dawa zote anazotumia na saa anazozinywa, kwa kuwa shinikizo la damu hushuka zaidi usiku. Mwenye pumu naye aseme mapema, kwani matone ya timololi yanaweza kumbana kifua.

Jukumu haliwezi kuachiwa mgonjwa peke yake. Kliniki za shinikizo la damu na kisukari hukutana kila mwezi na watu wenye umri ambao glakoma huwanyemelea, lakini macho yao yasipoulizwa, fursa hiyo hupotea. Kumwelekeza kila mgonjwa wa zaidi ya miaka 40 akakaguliwe macho ni hatua rahisi kuliko kumhudumia mtu aliyekwisha kupofuka.