Daktari Kyaruzi na Somo la Nzega

Sisi wa Kinyangiri twajua maana ya kumsubiri tabibu. Mama anaposhikwa na uchungu usiku wa manane, au mtoto anapozidiwa na homa, hapana haja ya kuelezwa thamani ya daktari aliyeridhia kuishi kijijini. Hata hivyo, wasomi wengi huhesabu kupangiwa kazi mbali na mji kuwa ni adhabu. Kwa sababu hiyo tumeona tumkumbuke marehemu Dk. Vedasto Kyaruzi.

Dk. Kyaruzi, mtu wa Bukoba, alisomea udaktari Makerere, Uganda, zama ambazo madaktari Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole. Mwaka 1950 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, Abdulwahid Sykes akiwa katibu wake. Katika kamati ya siasa ya chama hicho, yeye aliyekuwa Mkristo alikaa na Sheikh Hassan bin Amir wakishauriana juu ya mustakabali wa nchi yao. Mwaka 1954 chama hicho kilizaa TANU.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Ilimhamishia katika hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro. Kisha ikampeleka mbali zaidi, Nzega, mkoani Tabora, jirani zetu wa Singida. Ilikusudia kumtenga na siasa. Lakini tujiulize: kwa mgonjwa wa Nzega, kuletewa daktari kulikuwa adhabu au neema? Na uhamisho ule haukumshusha hadhi, kwani baada ya uhuru wa mwaka 1961 yeye ndiye aliyeiwakilisha Tanganyika katika Umoja wa Mataifa.

Mkoloni ameondoka, ila fikra yake ya kuwa bara ni mahali pa kumtupia mtu imebaki vifuani mwetu. Mzazi humwombea mwanawe awe daktari, kisha huwa wa kwanza kumtafutia uhamisho arudi mjini. Je, tunamlea atibu watu, au atibu watu wa mjini tu?

Nasi wanakijiji tuna wajibu. Tabibu akiletwa, tumpokee kwa heshima, tumsaidie kupata nyumba na maji, tusimwache mpweke. Elimu ni amana, na mwenye haki nayo zaidi ni yule aliye mbali nayo.