Ugonjwa Ukirudi, Tuulize Umetoka Wapi

Mtu aliyepona akiugua tena ugonjwa uleule, kuna mambo mawili ambayo jicho la daktari haliwezi kuyatenganisha: ama ameambukizwa upya na mtu mwingine, ama kirusi cha awali kilibaki mwilini mwake kisha kikaibuka. Kipimo cha kawaida husema tu kwamba kirusi kipo. Hakisemi kimetoka wapi.

Jibu limo katika jenomu, yaani maandishi ya urithi wa kirusi. Kirusi kinapozaliana hutokea makosa madogo ya kunakili, na makosa hayo hubaki kama alama za ukoo. Tukiyalinganisha maandishi ya mara ya kwanza na ya pili, asili hujulikana.

Mnamo Agosti 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walitumia njia hii kwa mtu aliyeugua UVIKO-19 mwezi Machi, kisha akakutwa tena na virusi aliporejea kutoka Ulaya. Virusi hivyo vilikuwa vya koo mbili tofauti. Yalikuwa maambukizi mapya.

Kivu Kaskazini jibu lilikuwa kinyume. Mgonjwa aliyepona Ebola katikati ya mwaka 2019 aliugua tena miezi sita baadaye, akafariki. Jenomu ilionyesha kwamba kirusi kilikuwa kilekile cha mwanzo. Mnyororo wa maambukizi ulioanzia hapo ulifikia wagonjwa 91. Mwaka 2021 nchini Guinea, mlipuko mpya ulikutwa na kirusi kilichokaribiana mno na kile cha mwaka 2014 hadi 2016.

Tofauti hii si ya maabara peke yake. Ni ya utawala pia. Yakiwa maambukizi mapya, serikali imtafute mgonjwa asiyejulikana aliyeambukiza. Ukiwa ugonjwa uliorejea, swali linaigeukia serikali yenyewe: manusura walifuatiliwa vipi baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani? Kutangaza mwisho wa mlipuko hakumalizi wajibu kwao. Wanastahili kupimwa, kutibiwa na kushauriwa kwa miaka, kwa siri na kwa heshima.

Nasema kwa heshima kwa sababu maarifa haya yanaweza kugeuzwa rungu. Kurejea kwa ugonjwa ni nadra. Kijiji kitakachomfukuza manusura kitawafundisha wengine kuficha dalili, na dalili iliyofichwa ndiyo hatari yenyewe.

Kwa watumishi wa umma, somo ni jepesi kulitamka na gumu kulitekeleza. Ulinganisho huhitaji sampuli mbili. Sampuli ya kwanza ikitupwa, ya pili haina wa kulinganishwa naye, nasi tutabaki kukisia. Kwa hiyo sampuli zihifadhiwe, jenomu zisomwe katika maabara zetu wenyewe, na bajeti ya kazi hiyo isisubiri mlipuko ujao. Atakayelipa gharama ya kukisia ni manusura, kisha jirani yake.