Mgeni Mwenye Paka Apewe Jembe Siku ya Kwanza

Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Chwaka hadi Uroa na Pongwe, maji yanapokupwa hurudi nyuma mbali na kuacha uwanja mpana ambamo wanawake hulima mwani. Maji yanapojaa, kazi huhamia juu, chini ya minazi na mivinje: mwani huanikwa, nyavu hushonwa, watoto hucheza mpira pekupeku. Mahali hapo hapo ndipo msafiri hupenda kuegesha gari lake au kusimamisha hema. Na baadhi ya wasafiri hawaji peke yao. Huja na paka wao.

Kusafiri kwa gari lililotiwa kitanda, jiko na tangi la maji, na kulala humo njia nzima, ni desturi iliyozoeleka Marekani na Ulaya. Afrika Mashariki wasafiri wa namna hiyo huonekana zaidi katika barabara ndefu inayotoka Nairobi, ikapita Arusha na Iringa hadi Zambia. Unguja ni wachache, kwa kuwa gari lazima livushwe bahari. Hata hivyo, familia za mjini zinazopiga kambi pwani wakati wa sikukuu, na wageni wanaopanga nyumba za ufukweni kwa miezi kadhaa wakiwa na wanyama wao, huleta suala lile lile: mtu na paka wanaishi katika nafasi ndogo, choo cha paka hakiko mbali na jiko la mtu, na nje ya mlango kuna mchanga wa watu wengine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makala haya yanatetea hoja kwamba mgeni mwenye paka apewe jembe siku ya kwanza, na jembe lenyewe liwe koleo dogo la kuzolea kinyesi. Hoja hii haitokani na chuki kwa paka. Visiwani paka hupendwa, huingia nyumbani na misikitini bila kufukuzwa, na mafundisho ya dini hayamhesabu kuwa najisi. Lakini kinyesi chake ni najisi kwa dini na ni hatari kwa tiba, na mambo haya mawili hayapingani.

Sababu ya kwanza iko mchangani. Paka na mbwa hubeba utumbo mwao aina za safura ambazo si za binadamu. Paka huchimba, hujisaidia, hufukia, na mwenyewe huona kwamba mnyama wake ni msafi. Chini ya mchanga wenye joto na unyevu, mayai ya minyoo huanguliwa katika siku moja au mbili. Lava hukomaa na kuweza kupenya ngozi baada ya siku tano hadi kumi, na katika mazingira mazuri huishi wiki tatu hadi nne. Anayekanyaga au kukaa hapo huingiwa na lava, nayo, kwa kuwa imeingia katika mwili usio wake, hutangatanga chini ya ngozi na kuchora mstari mwekundu uliopindapinda, wenye mwasho mkali unaomnyima mtu usingizi.

Hesabu ya siku hizo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Mgeni wa usiku mbili huondoka kabla lava haijakomaa. Hauoni ugonjwa alioufukia. Anayeurithi ni mwanamke anayeketi kuanika mwani wiki ijayo, au mtoto aliyelala kifudifudi kulinda goli. Maji ya bahari hayasaidii sana, kwa kuwa mahali paka anapopendelea ni juu ya mstari wa maji makuu, penye kivuli na mchanga mkavu kiasi, ambako wimbi halifiki. Kwa hiyo dhuluma hii hutendwa bila nia mbaya, na aliyeitenda hapati hata nafasi ya kuijutia.

Sababu ya pili ni kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake humpata paka pia, na paka humwambukiza binadamu kwa kumuuma au kumkwaruza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika. Mbwa ndio chanzo cha takriban asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu, lakini familia ya aliyeumwa na paka haifarijiwi na asilimia. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara humalizikia kwenye kifo.

Wenye kudhani kwamba bahari inatosha kukilinda kisiwa waitazame Pemba. Huko, chanjo ya mbwa ya kila mwaka, iliyoendeshwa kisiwa kizima, ilikata minyororo yote ya maambukizi kufikia Mei 2014. Baadaye chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingizwa tena kisiwani, mara mbili, na ugonjwa ukarudi hadi ulipotokomezwa Oktoba 2018 kwa kurejesha chanjo. Kisiwa hulindwa na chanjo na uangalizi bandarini. Bahari peke yake ni njia kama njia nyingine, na chombo kinachovusha watu huvusha wanyama.

Wala si binadamu tu wanaoumizwa na maradhi yanayosafiri na wanyama wa nyumbani. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa wa mbwa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Msafiri anayekatazwa kuingia na paka katika hifadhi za taifa asione kwamba anaonewa.

Sababu ya tatu inamhusu mjamzito. Kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii hukamilisha uzazi wake ndani ya utumbo wa paka. Paka aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza hukitoa katika kinyesi kwa muda wa wiki moja hadi tatu, nacho huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto anaweza kudhurika macho au ubongo. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana naye yumo hatarini. Hapa pia tiba ya kwanza ni koleo: kinyesi kikiondolewa kila siku, kimelea hakipati muda wa kukomaa. Kazi hiyo asipewe mjamzito. Ikibidi, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Kumtupa paka si lazima. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa ni njia kubwa za maambukizi haya, na hizo mara nyingi husahauliwa huku paka akilaumiwa.

Basi msafiri mwema anatakiwa afanye nini? Kabla ya kuvuka, aende kwa daktari wa mifugo. Paka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa akiwa ametimiza wiki 12 au zaidi, apewe dawa ya minyoo na ya viroboto, na msafiri aulize mapema kuhusu cheti cha afya na kibali cha mamlaka za mifugo. Njiani paka akae ndani ya tundu imara lenye hewa, asiachwe akizurura garini. Kambini awe na beseni lake la mchanga, na kinyesi kifungwe mfukoni na kitupwe penye taka, kisifukiwe ufukweni. Paka asiachwe ndani ya gari lililofungwa: nje kukiwa na nyuzi joto 27, ndani hufika takriban 37 kwa dakika kumi. Asipewe parasetamoli ya binadamu wala dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini, kwa kuwa zote mbili huweza kumuua.

Huruma nayo ihesabiwe. Mgeni hukuta kitoto cha paka Uroa, akakilisha wiki nzima na kuazimia kuondoka nacho. Nchi za Umoja wa Ulaya humtaka paka anayetoka Tanzania awe na alama ya kielektroniki chini ya ngozi, chanjo, kipimo cha damu kisichopungua siku 30 baada ya chanjo, kisha miezi mitatu ya kusubiri. Kwa kitoto kilichozaliwa leo, hiyo ni karibu miezi saba. Asiyeweza kungoja asimzoeshe mnyama chakula cha mkono halafu akamwacha. Afadhali amlipie daktari wa mifugo chanjo na kuhasi, amwache paka mahali alipozaliwa akiwa salama zaidi kuliko alivyomkuta.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao, nayo huanza kwa swali moja: je, kuna mnyama nyumbani au safarini? Mstari unaotambaa kwenye wayo au makalio usikatwe wala kuchomwa; hutibiwa kwa ivermektini au albendazoli, kwa kipimo cha daktari, na mjamzito huamuliwa peke yake. Aliyeumwa au kukwaruzwa na paka aoshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha afike kituoni siku hiyo hiyo. Meno ya paka ni membamba na huzika bakteria ndani. Jeraha dogo la mkononi linaweza kuvimba usaha kwa siku moja. Uamuzi wa chanjo ya kichaa cha mbwa usingoje paka aonyeshe dalili.

Wapo watakaouliza: pwani imejaa paka wasio na mwenyewe, paka mmoja wa mgeni ataongeza nini? Swali ni la haki. Ni kweli kwamba paka wa kijiji wanachafua mchanga zaidi, na kuwaua si jawabu, kwa kuwa wengine huja kushika nafasi zao na panya huongezeka. Jawabu ni kuwahasi, kuwachanja na kuwapa dawa ya minyoo, kazi ambayo masheha, wenye hoteli na madaktari wa mifugo wanaweza kuigawana. Lakini kijiji hakiwezi kuombwa kitunze paka wake huku mgeni, mwenye gari, fedha na daktari wa mifugo, akiachwa afukie na kuondoka. Mwenye uwezo zaidi ndiye aanze.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa mtu anapokaribishwa. Maneno hayo yana sharti ndani yake. Uroa itaendelea kuwakaribisha wageni, na wapo watakaokuja na paka. Kupona kwa mwenyeji kutategemea cheti cha chanjo kilichomo garini, na koleo lililotumika kila asubuhi.