Mtoto anayeumizwa na mkate

Juma hili tunazungumzia ugonjwa wa siliaki. Mwenye nao akila gluteni, protini iliyo katika ngano na shayiri, mwili wake mwenyewe unashambulia utumbo mwembamba. Chakula kinapita tu. Mtoto anaharisha, tumbo linavimba, hakui.

Mwaka 2009 wataalamu wa Florence, Italia, walipima mabaki madogo madogo ya chakula katika damu na mkojo wa wagonjwa. Waliona dalili kwamba mwili unachoma mafuta yake kwa kukosa nguvu. Baada ya miezi 12 bila gluteni, mengi yalikuwa yamerudi kama ya watu wenye afya.

Kwa hiyo dawa ni chakula, nacho tunacho: bukari ya muhogo au mahindi, mchele, ndizi, maharagwe, sombe. Tuchunge tu mashine inayosaga pia ngano, na mafuta yaliyokaanga mandazi.

Lakini mama, usimwachishe mtoto mkate kabla ya kipimo cha damu, kwani kinaweza kusema hana ugonjwa kumbe anao. Na akiharisha, usikimbilie kulaumu mkate; mara nyingi ni maji machafu. Mpeleke kwanza kituo cha afya.