Ploti za bei nafuu, nafuu kwa nani?



Wiki hii tumeambiwa tena na wakubwa wetu kwamba anayelia kodi ya nyumba Kitale au Bungoma ahame mjini, anunue kaploti huko nje, ajenge polepole. Ushauri huu hutoka kwenye midomo ya watu ambao gari lao hujazwa mafuta na mlipa ushuru. Sina ugomvi na kuishi nje ya mji. Ugomvi wangu ni kwamba bei inayotangazwa huko ni bei ya udongo mtupu. Maji, barabara na choo salama havimo katika hesabu, na atakayevilipia ni yule yule aliyekimbia kodi.

Wanaokimbia wana sababu. Kitale si jiji, ila Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, iko mwendo wa kilomita 70 hivi, na barabara ya kwenda Lodwar inapita huko huko, kwa hiyo wenye ajira na biashara Turkana na Pokot Magharibi nao hujenga na kupanga Kitale. Bungoma nayo imekuwa makao ya serikali ya kaunti tangu 2013, na Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake 2015, kimeleta wanafunzi wanaogombea vyumba na wenyeji. Mshahara wa mwalimu hauendi mbio za kodi, na wa fundi wa mjengo ndio kabisa. Hapo ndipo dalali anapoingia shambani, upande wa Kiminini au pembezoni mwa Kanduyi, anasimika bikoni katikati ya mabua ya mahindi na kuanza kuuza hamsini kwa mia.

Hebu tuipime hiyo hamsini kwa mia. Ni futi, yaani kama mita 15 kwa 30. Mfereji wa kaunti haujafika, basi mwenye ploti anachimba kisima. Bomba la majitaka halipo, basi anachimba na choo cha shimo. Wataalamu wa afya hupendekeza mita 30 kati ya viwili hivyo, na hiyo ndiyo ploti nzima kutoka ua wa mbele hadi wa nyuma. Hata akijibana akafaulu, kushoto, kulia na nyuma yake wako majirani waliochimba vyao wanavyojua. Mwenye ploti ya mwisho hana pa kukimbilia. Shimo la jirani liko hatua chache tu kutoka ndoo yake. Na njia? Dalali ameacha kichochoro ambacho Januari kinapitika, lakini mvua za Aprili zikishika, bodaboda inamshusha abiria kwenye lami, na lori la mchanga linakataa kuingia au linadai nyongeza. Jumlisha nauli ya kila siku, kisima, na changarawe ambayo wakaazi huchangishana wenyewe, kisha uniambie kodi ya mjini ilikuwa ghali kiasi gani.

Najua nitajibiwa kwamba ndivyo miji inavyokua, tazama Rongai na Kitengela nje ya Nairobi. Nimezitazama. Miaka yote hiyo watu wa huko bado wananunua maji ya lori na kulala kwenye foleni ya magari. Hilo ni onyo, wala si kielelezo. Nitajibiwa pia kwamba shamba ni la mtu na ana haki ya kuliuza. Ni kweli, na mara nyingi huliuza kwa sababu ya karo au hospitali, kwa hiyo simlaumu. Lakini Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka idhini ya bodi kabla shamba la kilimo halijagawanywa, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti. Basi kuna watu wawili wenye mihuri. Hao ndio wangekataa kugonga mpaka barabara ya upana unaofaa iachwe na mahali pa maji paonyeshwe kwenye ramani. Dalali angepandisha bei kidogo, naam, lakini mnunuzi angejua anacholipia. Na Trans Nzoia, kaunti ya Kitale inayosifiwa kwa kulisha nchi mahindi, ingejua ni eka ngapi imeziachia mabati.

Halafu kuna hili la ushuru wa nyumba. Tangu sheria ya Machi 2024, asilimia 1.5 ya mshahara inakatwa na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Sikatai serikali kujenga maghorofa. Ila aliyekwisha kununua ploti yake na kujenga vyumba viwili hahitaji ghorofa. Anahitaji mfereji na kilomita chache za barabara, na bado anakatwa kila mwezi. Wanasiasa hawazioni hizo kilomita kwa sababu hazikatiwi utepe. Kampeni za 2027 zikianza, waje kwetu mwezi huo huo wa Aprili, magari waache kwenye lami, waingie kwa miguu.

Mlipa ushuru,
Bungoma